Mpira wa Kumi na Mbili

Jina lake la cheti lilikuwa limeshasahaulika. Wodi nzima ya wazazi, kuanzia mkunga mkuu hadi mlinzi wa getini, ilimwita Mama Orodha, na mwenyewe alijua, ingawa mbele yake walijifanya wanasema Mama tu. Hakuona ubaya. Wapo walioitwa majina mabaya zaidi ya hilo, na hawakufanya kazi hata nusu yake.

Alikuwa mhudumu wa dirisha la mapokezi. Kila aliyekuja kujifungua alipitia kwake kwanza, akaweka begi juu ya meza, naye Mama Orodha akatoa kitu kimoja kimoja akikitaja kwa sauti. Mpira wa kutandika kitandani. Beseni. Pamba. Glavu. Wembe mpya ndani ya karatasi yake. Vibano vya kitovu. Pedi kubwa za wazazi, si zile nyembamba za wasichana wa shule. Shuka, nepi, kofia na soksi, sabuni, blanketi. Vitu kumi na viwili, vimeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta juu ya kichwa chake. Na kilichopungua alikitangaza vilevile, kwa sauti ileile, mbele ya foleni.

"Beseni liko wapi, mwanangu?"

"Nimesahau, mama."

"Miezi tisa umesahau. Ulidhani mtoto anakuja na begi lake? Huyu anakuja uchi wa mnyama, hana hata leso ya kujifutia pua."

Foleni ilicheka, maana Mama Orodha alijua kuchekesha. Aliyesahau beseni naye alicheka huku akitazama miguu yake. Mama Orodha alipokwisha kumpa vidonge vyake vya maneno ndipo alipovua ufunguo shingoni, akafungua kabati la chuma nyuma ya kiti chake na kumtolea beseni.

Kabati lile alilijaza yeye, hakuna aliyemtuma. Waliotoka wodini na pedi zilizobaki aliwaomba. Nepi zilizoachwa alizibeba nyumbani, akazichemsha, akazianika juani na kuzipiga pasi pande zote mbili. Vifungashio ambavyo havijafunguliwa alivipanga kwa tarehe. "Tangu nishike ufunguo huu," alipenda kusema, "sijamrudisha mama hata mmoja." Na ilikuwa kweli tupu.

Tusimwonee, basi, kwa ukali wake. Mwaka wa kwanza alipoajiriwa, alikuwa wa kupiga deki tu. Siku hiyo aliingia mama mmoja mikono mitupu, na wodini glavu zilikuwa zimekwisha. Mkunga akakimbilia wodi ya pili kuomba. Alichukua dakika chache tu, lakini aliporudi yule mama alikuwa amekwisha kupoteza damu nyingi mno, wakashindwa kumwokoa. Mama Orodha ndiye aliyepiga deki chumba kile. Tangu siku hiyo aliamini kwamba kati ya mzazi na kaburi kuna begi, na begi likiwa kamili mlango unafungwa. Ukimwambia apunguze maneno, alikuambia hujashika dekio lile.

Sasa, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, na huyo alikuwa ameoa fundi cherehani mpole, mtu wa kuongea na nguo kuliko watu. Mkwe akashika mimba. Mama mkwe mwingine angejaza begi mwenyewe na kulipeleka. Mama Orodha alikuwa na msimamo wake. Hakutaka ionekane kwamba ukoo wake unapita mlango wa uani. Akainakili orodha kwenye karatasi kwa mwandiko wake mzuri, akampa mkwe siku alipokwenda kuwatembelea.

"Mimi kazini sina ndugu," alimwambia. "Utapita dirishani kama wenzako. Usinitie aibu."

Mkwe aliipokea karatasi kwa mikono miwili. "Sawa, mama."

Aliibandika ukutani juu ya cherehani, na kila alichopata alikitia alama ya kalamu. Shuka alizipinda mwenyewe. Kofia aliifuma mara mbili, ya kwanza hakuipenda. Zikiwa zimebaki wiki tatu alikuwa na alama kumi na moja. Mpira ndio uliokosekana. Katika maduka ya mtaani ulikuwa umekwisha, wakasema watauleta.

Haya yote Mama Orodha aliyajua baadaye, vipande vipande. Asubuhi yenyewe alikuwa dirishani kama kawaida, anamtania mwenye wembe wa kunyolea ndevu, alipoona gari la jirani wa mwanawe linaingia uani kwa kasi. Mwanawe alishuka kifua wazi. Shati lake alikuwa amelishika mikononi, limevingirishwa. Ilimchukua Mama Orodha muda kuelewa kwamba ndani ya shati mna mtu.

"Amezaliwa nyumbani," mwanawe alisema. "Ni wa kike. Mama, ana baridi."

Nyuma yake jirani, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ni kuuza mboga na hakuwahi kuzalisha hata mbuzi, alikuwa amemshika mkwe kwapani. Mkwe alikuwa amejitanda shuka, na shuka lilikuwa limelowa. Wahudumu walimlaza kitandani, wakamsukuma moja kwa moja hadi chumba cha kushonea waliochanika. Mama Orodha alibaki na shati.

Mkunga mkuu alilifunua. Mtoto alikuwa mdogo, vidole vya miguu vimekuwa vya bluu, halii ila ananung'unika kama mtu aliyeudhiwa usingizini. Kipimo cha joto kikaonyesha chini kabisa. Mama Orodha tayari alikuwa kabatini. Alirudi na mablanketi matatu, kofia mbili na soksi za kutosha kuvalisha mapacha.

"Weka hayo," mkunga alisema.

"Yamepigwa pasi leo asubuhi."

"Blanketi halina joto lake, mama. Linatunza la mtu, na huyu hana la kutunzwa. Kitanda cha joto kimejaa, kina wawili. Mama yake anashonwa. Kaa hapo, fungua vifungo."

"Vifungo vya nini?"

"Vya sare yako. Kifua kwa kifua."

Katika miaka yote ya kazi, hakuna aliyemwona Mama Orodha na hata kifungo cha shingoni kikiwa wazi. Sare yake ilisimama kwa wanga. Akakaa kwenye kiti cha mbao kando ya ukuta, akafungua hadi tumboni, na mkunga akamlaza mtoto uchi kwenye kifua chake, kichwa chini ya kidevu. Kisha akamvika kofia moja na kuwafunika wote wawili blanketi. Mtoto alikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kwenye maji. Mama Orodha alishtuka hadi meno yakagongana, ila hakusogea.

"Nitapima baada ya nusu saa," mkunga alisema. "Asipopanda tutampeleka hospitali kubwa, na sipendi kumsafirisha hivyo."

Nusu saa ni ndefu kwa mtu aliyezoea kufanya kitu kwa mikono. Hapakuwa na cha kukunja wala cha kuhesabu. Alisikiliza pumzi. Zilikuja, zikakaa kimya, zikaja tena, na kila zilipokaa kimya roho ilimruka.

Mwanawe alichuchumaa mbele yake, amevalishwa koti la wahudumu.

"Ulikuwa wapi wewe?" Mama Orodha alimuuliza kwa sauti ya chini. "Uchungu ulianza saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na hapa ni mwendo wa robo saa."

"Nilikuwa natafuta mpira."

"Mpira gani?"

Mwanawe alimtazama kama mtu anayetegewa mtego. "Wa kwenye orodha yako. Nilimwambia twende hivyohivyo, akakataa kata kata. Akasema hawezi kusimama dirishani na vitu kumi na kimoja. Nikazunguka maduka yote, nikasubiri mengine yafunguliwe. Nimerudi, nimekuta jirani amemshika mtoto."

Mama Orodha aligeuza macho. Kabatini, hatua sita kutoka kwenye kiti kile, mlikuwa na mipira tisa. Aliikunja yeye mwenyewe jana yake. Alitaka kumwambia mwanawe kwamba hajamrudisha mama hata mmoja, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, akayameza, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alijiuliza kuhusu wale ambao hawakufika dirishani kabisa. Hao hakuwa na hesabu yao. Wangapi walikaa nyumbani wakisubiri beseni? Aliona aibu, aibu ya moto, na akajikuta anatumaini kwamba moto huo angalau unafika kwa mtoto.

Mkunga alikuja, akaingiza kipimo kwapani mwa kichanga, akangoja. "Amepanda kidogo. Kaa hivyohivyo."

Akakaa. Dirishani foleni ilikuwa imejikusanya na hakuna aliyepekua begi la mtu. Mwanafunzi wa uuguzi aliwaingiza mmoja mmoja wakalale, akaandika pembeni walichopungukiwa. Mama Orodha aliwaona wakipita. Mmoja alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki mtupu, na alipomwona pale kwenye kiti aliuficha nyuma ya mgongo, kisha akaharakisha. Alipopimwa mara ya pili mtoto alikuwa ameacha kunung'unika. Mara ya tatu akalia kilio cha kweli, cha mwenye njaa, na mkunga akatabasamu.

Mchana mkwe alirudishwa, akalazwa kitanda cha karibu na ukuta ule. Uso ulikuwa umempauka, dripu inaning'inia juu yake. Mume wake alisimama upande wa kichwani. Mkwe alimtafuta mtoto kwa macho, akamwona, machozi yakamtoka. Kisha akamwona ni nani aliyemshika.

"Mama, samahani," alisema. "Mpira sikuupata."

Mama Orodha aligeukia kitanda. "Ungekuja hivyohivyo, mwanangu."

"Ungeuliza."

Alisema bila ubishi, kama anavyosema mtu kwamba mvua itanyesha. Mume wake akainamia dripu, akajifanya anaitazama.

"Ningeuliza," Mama Orodha alisema. "Ningekuuliza mbele ya foleni nzima, na wangecheka."

Mkwe alimwangalia mtoto. Alinyoosha mikono. Mama Orodha aliinuka taratibu, akambandua mtoto kutoka kwenye ngozi yake, akamlaza kwenye kifua cha mama yake, na kifuani mwake yeye, pale mtoto alipokuwa, pakaingia baridi.