Nyayo Mia na Ishirini na Moja na Nusu

Siku niliyomwona Kou Zhenhai kwa mara ya kwanza nilidhani ni fundi wa sakafu. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali hapa Shenyang, nami nilikuwa nanyunyizia maji mchanga wa shimo la kurukia, kama nifanyavyo kila siku kabla wachezaji hawajaingia ukumbini. Kijana mrefu, masikio mekundu kwa baridi, alisimama kwenye ubao wa kurukia, akaligeuzia shimo mgongo, akaanza kwenda kule wanakoanzia mbio: kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole, midomo ikihesabu.

"Wee Kou!" mwenzake wa timu, Fan Licheng, alimpigia kelele. "Hilo si shamba la kabichi!"

"Lingekuwa shamba ningeshamaliza. Umenipotezea hesabu, mpumbavu wewe."

Akarudi ubaoni akaanza upya.

Kwao wanalima kabichi, na baba yake hupima matuta kwa nyayo. Warukaji wengine wa miruko mitatu hupima njia yao kwa mita, wakabandika alama pale wanapoanzia kukimbia. Kou hakutaka mita. Alipima kwa viatu vyake vya mazoezi, nyayo mia na ishirini na moja na nusu, kisha akabandika kipande cha utepe mweupe chenye kabichi aliyoichora kwa kalamu.

Kwa miaka kumi na moja nilihesabu naye kimoyomoyo, reki mkononi. Kila vuli timu ilimpa viatu vipya vya aina ileile na saizi ileile, na vya zamani akaniletea mimi. "Mjomba Luan, miguu yetu mapacha," alikuwa akisema. Wakati mwingine aliongeza chupa ya kabichi ya kuchachusha kutoka kwa mama yake. Hatukuongea sana, na mimi ilinifaa hivyo.

Halafu mashindano ya Asia yakaja kwenye ukumbi wetu. Kou alikuwa na miaka thelathini, goti limepasuliwa mara mbili. Wiki moja kabla, alikaa ukingoni mwa shimo nikiwa nachimbua mchanga.

"Mjomba, nisipoingia nane bora, jina langu linafutwa timuni. Kitanda, chakula, daktari wa goti, vyote kwaheri."

Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo. Nikasema, "Mchanga umelowa vizuri."

Siku yenyewe warukaji walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja aliruka mara tatu, kisha nane bora wangeendelea. Mruko wa kwanza wa Kou, bendera nyekundu, hauhesabiwi: kidole cha kiatu kilikuwa kimebonyeza udongo laini unaowekwa mbele ya ubao. Wa pili, nyekundu tena. Alibakiwa na mmoja.

Kabla ya zamu hiyo, mrukaji mmoja alimwaga chupa ya maji kando ya njia. Bi Tong, mwamuzi mkuu, akanipungia mkono nikaushe. Nilipiga deki harakaharaka, macho chini, maana jukwaa lilikuwa limejaa. Nilipokwenda kukamua kitambaa kwenye ndoo nikaiona kabichi. Utepe wa Kou ulikuwa umenasa kwenye kitambaa changu.

Mbele yake walibaki watu wawili. Sisi wafanyakazi haturuhusiwi kusema na mrukaji. Nikinyamaza, angefika pale asione alama, na saa humpa dakika moja tu. Nikiubandika kwa kukisia, kukosea upana wa kiganja tu kungemletea bendera ya tatu. Wa kwanza akaruka. Nikasawazisha mchanga wake. Wa pili akaruka.

"Mwamuzi!" Sikujua kuwa nina sauti kubwa hivyo. "Nimeng'oa alama ya Kou!"

Waliokaa karibu wakacheka. Bi Tong alikuja, akakitazama kile kitambaa, kisha akanitazama mimi.

"Kou, ilikuwa mita ngapi? Tukupimie."

"Mita sijui."

"Hujui?"

"Najua nyayo."

"Miaka kumi na moja nakwambia andika mita, kichwa kabichi wewe!" Fan alipayuka kutoka kwenye benchi. Lakini hakuwa anacheka.

"Dakika tatu," alisema Bi Tong. "Baada ya hapo saa yako inaanza."

Kou alikimbilia ubaoni, akaweka mguu, akasita. Alikuwa amevaa viatu vya misumari, ambavyo ni vifupi. Upungufu wa unene wa kidole kwa kila unyayo, ukifika mwisho umepotea zaidi ya mita moja. Vile vya mazoezi alivyopimia asubuhi alikuwa amempa kocha, na kocha alikuwa jukwaa la ng'ambo. Akaangaza huku na huku. Kisha macho yake yakashuka miguuni kwangu.

"Mjomba, vua."

Nilibaki na soksi kando ya shimo. Alihesabu, nami nikahesabu. Kwenye themanini alisimama, akafumba macho. Nikadhani amepoteza hesabu. Fan alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono. Kou akaendelea mpaka mwisho, akabandika utepe, akabadilisha viatu.

Akaja mbio. Aliporuka sikutazama alipoangukia, nilitazama udongo. Ulikuwa safi kama sabuni mpya. Bendera nyeupe.

Mita kumi na sita na sentimita hamsini na mbili. Aliyeshika nafasi ya nane, Mkazaki mmoja, alikuwa na umbali uleule kabisa. Wakilingana, huangaliwa mruko wa pili kwa ubora. Kou hakuwa nao. Akawa wa tisa.

Nikasawazisha mchanga wake, maana ndiyo kazi yangu.

Kesho yake kitanda chake bwenini kilikuwa kitupu. Nasikia anafundisha watoto kuruka huko kwao. Sijamwona tena tangu alipokuja ukingoni mwa shimo siku ileile ya mashindano, begi begani, viatu vyangu mkononi.

"Kou, mimi..." nilianza.

Alichuchumaa akaviweka mbele ya miguu yangu, vidole vikitazama mbele.

"Nyayo zilikuwa sawasawa, Mjomba. Mia na ishirini na moja na nusu. Vaa basi, mchanga umelowa, utashikwa na baridi."