Kurasa Mbili za Figo

Kutoka Karagwe hadi Mwanza nilisafiri siku mbili, nikiwa na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na mkungu wa ndizi wa kumpelekea baba mdogo. Miaka hiyo basi likifika Biharamulo lilisimama kusubiri mabasi mengine, askari wenye bunduki wakapanda, tukavuka pori kwa msafara kwa hofu ya majambazi. Mama mmoja jirani yangu alisali tangu tulipoingia porini mpaka tulipotoka, kisha akafungua kapu lake akala viazi bila haraka, kama mtu aliyemaliza zamu yake. Busisi tulisubiri kivuko nusu siku. Majuzi nimepita hapo, pana daraja, gari linafika ng'ambo kabla hujamaliza soda. Nilikasirika bila sababu, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya kuondoka hakuniambia mengi.

"Huko hawakujui," alisema. "Wafanye wakujue."

Baba mdogo aliishi Pasiansi, vyumba viwili, watu tisa. Ndizi ziliisha kwa siku mbili. Godoro langu lilikaa sebuleni miaka mitatu, nyuma ya mlango. Nililala wageni wakishaondoka na kuamka kabla ya wote ili watu wapate njia ya kupita.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa. Lakini ilikuwa na utaratibu wake mmoja ambao sijauona kwingine kokote nilikozunguka, na nimezunguka sana: Tunduma, Kahama, Mtwara, hata Lubumbashi. Kila mwisho wa mwaka wanafunzi kumi wa kwanza wa kidato cha tatu waliitwa Kumi Bora. Wakiingia kidato cha nne walihamia shuleni. Wavulana walilala katika chumba nyuma ya maabara, wasichana nyumbani kwa matroni. Kulikuwa na taa ya umeme, uji asubuhi, na walimu waliopita jioni kujibu maswali. Kwa sisi wengine Kumi Bora maana yake ilikuwa moja tu, kitanda.

Tisa kati ya hao kumi tuliwajua mapema, hakuna aliyewagusa. Kitanda cha kumi ndicho kilichokuwa na wagombea wawili, mimi na rafiki yangu.

Rafiki huyo alitoka Buswelu, kwa wafugaji. Alinizidi miaka mitatu kwa sababu alichunga kabla ya kuanza shule. Kila asubuhi alifika kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini kwa ajili ya umande, akaikunjua getini. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniongelesha siku niliyofika.

"Wewe Mhaya, huko kwenu ndizi zinajua Kiingereza?"

Mimi ni Mnyambo, si Mhaya, lakini Mwanza kila aliyetoka ng'ambo ya ziwa ni Mhaya.

"Zinajua," nikamjibu. "Ng'ombe wenu ndio bado wako kidato cha kwanza."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Kaa hapa, ng'wanawane," akasema, yaani ndugu yangu, akasogea. Tangu siku hiyo tukakaa dawati moja.

Kidato cha tatu wote wawili tulikuwa viongozi. Yeye alikuwa kiranja wa darasa. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele, jambo alilolifanya vibaya kwa huruma, na kufuta ubao ukijaa. Mimi nilikuwa kiranja wa taaluma. Nilikuwa na beji ya bluu na ufunguo wa kabati lenye vitabu vya baiolojia, vitatu kwa shule nzima. Mwalimu asipokuwepo aliniachia daftari lake, mimi nikaandika ubaoni, darasa likanakili. Watu arobaini na kitu walipata elimu yao kupitia mkono wangu, na nilipenda hivyo. Nilipenda namna chumba kilivyonyamaza nilipochukua chaki.

Mwalimu wa baiolojia alikwenda likizo ya uzazi muhula wa pili. Daftari lake lilikuwa na jalada la kaki, na pembeni mwa baadhi ya mada aliweka nyota ndogo ya penseli. Nilikuwa nimeshagundua siri ya nyota hizo. Mada yenye nyota ilikuja kwenye mtihani.

Tulipofika mada ya figo niliiona nyota. Karatasi moja, mbele na nyuma, na mchoro. Nilisimama na chaki mkononi. Nyuma yangu rafiki yangu alikuwa akiwauliza watu kama alivyouliza kila siku, "Mmemaliza? Nifute?" na mtu akimjibu, "Tulia bwana, Buswelu haihami." Nililowesha kidole nikaifunua ile karatasi pamoja na iliyotangulia, nikaanza kuandika habari za ngozi.

Sijawahi kupata neno zuri la kueleza nilichofikiri wakati ule. Sikufikiri. Niliona kitanda, taa, dirisha linaloangalia ziwa. Nilitaka kumpita mtu mmoja, nikalinyima darasa zima.

Ile karatasi niliisoma peke yangu, sebuleni Pasiansi, mpaka nikaweza kuuchora mchoro macho yakiwa yamefungwa.

Swali la figo lilikuja, alama ishirini. Mwalimu alirudi kusahihisha, na siku ya kugawa karatasi aliingia darasani akaziweka mezani. Tukasimama, shikamoo mwalimu, marahaba, kaeni.

"Swali la sita," alisema. "Darasa zima kajibu mtu mmoja. Naomba kuelezwa."

Kila mtu alinitazama mimi, kwa sababu aliyejibu nilikuwa mimi, na aliyeandika ubaoni nilikuwa mimi. Nilisimama. Nilikuwa na muda wa kusema kweli, si mrefu, lakini ulitosha.

"Niliandika, mwalimu. Labda ubao ulifutwa mapema."

Sikumtaja. Sikumgeukia hata. Hapakuwa na haja, wengine waligeuka kwa niaba yangu.

"Ni kweli, huyu ana haraka na ubao," alisema mmoja nyuma. "Anawahi ng'ombe."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Rafiki yangu alisimama taratibu, kichwa karibu kiguse kenchi za paa. Mpaka leo namwona anavyokunja paji la uso, akitafuta kumbukumbu.

"Mwalimu, huenda ni mimi," akasema. "Kuna siku nilifuta haraka, mvua ilikuwa inakuja."

"Figo huijui kabisa?"

"Figo naijua, mwalimu. Nimezishika tangu mtoto, kila tukichinja. Majina ya Kiingereza ndiyo sina."

Alivuliwa ukiranja siku hiyo hiyo. Alipewa kufyeka nyasi za uwanja wiki nzima. Na kabla ya kutoka darasani aliomba nafasi, akasimama mbele, karibu na ubao, akawaomba radhi wenzake wote. Wengine walimzomea kidogo. Halafu akaja kwenye dawati letu.

"Na wewe nisamehe," aliniambia. "Umejitesa kuandika, mimi nikaharibu kazi yako."

Nikamwambia, "Yameisha."

Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kuruka karatasi ni wizi wa mtoto mwenye tamaa. Lakini nilipokea msamaha ulioombwa na mtu niliyemkosea, nikampa mkono, na nikajisikia mwema.

Majina yalipobandikwa nilikuwa wa kumi. Yeye alikuwa wa kumi na moja, tofauti ya alama sita.

Kitanda kilikuwa karibu na dirisha, kama nilivyokiwaza. Asubuhi niliamka nikanywa uji nikiangalia ziwa, kisha nikamwona akiingia getini, anakunjua suruali. Hakuwahi kupita bila kunisalimu. Ila alikuwa amebadilika. Alinakili kila kitu mara mbili, katika madaftari mawili. Alimaliza mwisho. Kwenye majaribio alirudia kusoma swali moja mpaka kengele ikalia. Mtu aliyeweza kutambua ng'ombe wake mmoja kati ya mia kwa mlio alikuwa ameacha kuamini macho yake mwenyewe.

Mtihani wa taifa ulipokuja alipata F mbili na D kadhaa. Mimi nilifaulu, nikachaguliwa kidato cha tano Tabora. Baba alituma barua ya mistari mitatu, wa mwisho ukisema, "Sasa wanakujua."

Mwaka huu mtu ameweka picha ya Kumi Bora kwenye kundi letu la wasapu. Mimi nimesimama mwisho kulia, beji imenyooka. Wameandika, "Kiranja wetu huyo, bila yeye tusingekuwa na notisi." Nimeweka kidole gumba. Yeye hayumo kwenye kundi, hakuna mwenye namba yake. Nimeuliza mara mbili.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa stendi ya Buzuruga, siku niliyoondoka Mwanza moja kwa moja. Baba mdogo alikuwa kazini, nilikwenda peke yangu na lile sanduku la bati. Nikamkuta ananisubiri, baiskeli imeegemezwa kwenye nguzo, na chupa ya maziwa mgando mkononi.

"Tabora ni mbali," alisema. "Utakunywa njiani. Usije ukawaambia huko kwamba Wasukuma ni wachoyo."

Alilipandisha sanduku juu ya basi mwenyewe. Kondakta alikuwa ameanza kuita watu. Nikamshika mkono, nikamwambia haraka haraka ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma.

"Zile kurasa za figo sikuziandika. Niliziruka makusudi. Wewe hukufuta kitu."

Alinitazama, kisha akatabasamu, tabasamu la mtu mzima kwa mtoto.

"Acha hizo," akasema. "Una moyo mzuri, lakini usibebe kosa langu kwa kuwa unaondoka."

"Nakuapia, sikuziandika."

"Uliziandika, ng'wanawane. Mimi nakumbuka. Mchoro ulikuwa upande wa kulia, umeandika majina kwa mishale, chaki ya bluu. Nikaufuta. Nimeuota huo mchoro mpaka nimechoka."

Hatukuwahi kuwa na chaki ya bluu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini kondakta alinisukuma ngazini na dereva akaondoa gari. Kupitia dirishani nilimwona akipanda baiskeli yake, akageuka upande wa Buswelu. Maziwa nilikuwa nayo mapajani. Tulipopita Misungwi nikasikia njaa, nikayanywa yote.