Aliyeshuka Ndiye Anayekula

Hapana, ngoja kwanza. Usimwite rafiki yangu mjinga halafu ukageuka kuagiza soda. Umelisema mbele za watu, karasha limezimwa, kila mtu kasikia, basi na jibu watalisikia. Eti mtu mzima kakataa kusainiwa karatasi yake kwa ajili ya vitoto vya kike vinavyorusha mpira, kaenda kulala ndani. Eti ujinga. Ulikuwepo? Hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Tena mimi ndiye niliyembembeleza akubali.

Hivyo ndivyo nilivyomwanza fundi wa karasha, mashine yetu ya kusagia mawe. Hakunisikiliza mpaka mwisho, alicheka akaiwasha. Nani atabishana na karasha? Basi nimeandika. Shule niliishia la saba, na kuandika huku kwa kirefu nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti yanayofungiwa vitumbua, kwa hiyo nikikosea utanivumilia. Kwenye ukweli sijakosea.

Tulikuwa watatu. Mimi, mchekechaji wa mawe, mwanamke peke yangu kwenye kundi letu. Wa pili, mmoja wa Kolandoto, Msukuma mwenye mdomo kuliko redio. Wa tatu, huyu mnayemwita mjinga, wa Chato, mtoto wa wavuvi aliyechoka kunuka samaki akaja kunuka udongo. Tulikuwa na duara letu, yaani shimo la dhahabu, nje kidogo ya barabara inayokwenda Bugarama. Si letu kwa karatasi. Lilikuwa la tajiri mmoja. Letu kwa jasho.

Duara lina sheria yake, na hata asiyejua kusoma anaijua: aliyeshuka ndiye anayekula. Siku shimo likitema dhahabu, mawe yanawekwa kwenye mifuko, na mgao ni wa waliokuwepo tangu mwanzo. Aliyechimba, aliyeshika kamba, aliyechekecha. Huji na sura mpya siku ya mgao. Mtu anaweza kukuibia kuku mkaja kupatana. Hilo hampatani.

Miezi mitano tulikula ugali na chumvi. Mwezi wa sita shimo likatema. Asubuhi ya mgao tajiri akaja na mashemeji zake wanne wamevaa gamubuti mpya, hazina hata tone la tope, wakajipanga mbele yetu. Mbele!

Wa Kolandoto akawasalimia kwa heshima zote. "Mwangaluka, mashemeji. Mmeshuka lini? Maana sisi hatukuwaona huko chini, labda kulikuwa na giza."

Shemeji mmoja akamsukuma. Wa Chato akakata kamba ya winchi kwa panga, akaipiga teke pampu ya maji, ikaenda chini. Mimi nilimrushia shemeji chepe. Lilimpata begani. Sijasema sisi ni malaika. Tulivunja mali ya mtu, tukaumiza mtu, na mahakama ya mwanzo ilitukuta na hatia, sawa.

Hakimu alitupa kifungo cha nje. Mimi na wa Kolandoto miezi miwili, wa Chato mitatu kwa sababu ya panga na pampu. Tufanye kazi shule ya msingi ya kijiji, tufundishe watoto michezo, na kila siku mwalimu mkuu atusainie fomu. Hakimu akamwangalia wa Chato juu ya miwani: "Wewe, siku moja tu isiyosainiwa, unarudi hapa, na mitatu yako unaianza upya ndani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa." Mkewe alikuwa amekaa benchi la nyuma na mimba ya miezi mitano. Kila mtu mle ndani aliweza kuhesabu. Nje, mtoto atamkuta baba nyumbani. Akikosea mwishoni akaanza upya ndani, hatamkuta.

Tulijua tutapewa mpira wa miguu. Mwalimu mkuu akacheka. Mpira wa miguu una mwalimu wake. Kilichobaki ni netiboli ya wasichana, mwalimu wake alihamishwa na hajaletwa mwingine.

"Netiboli?" Wa Kolandoto akashika kichwa. "Mwalimu, si bora utufunge tu?"

Kijiji kizima kilikuja kutuangalia siku ya kwanza. Wanaume wawili wenye mikono ya sululu, wanarusha mpira kwa vidole viwili kama wameshika yai. Niliwahi kucheza nikiwa la sita, kwa hiyo nikawa profesa. Niliwafundisha wao kwanza, ndipo wao wafundishe watoto. Ukidaka hutembei. Usikae na mpira. Kila mtu ana eneo lake, haruhusiwi kuvuka. Wa Chato akasema, "Kumbe ni duara. Mchimbaji hapandi kwenye kamba, wa kamba hashuki." Kuanzia hapo akaupenda ule mchezo kuliko mimi.

Magoli yalikuwa yameoza, tukaamua kutengeneza mapya. Tukaleta matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo, fundi akatukunjia nondo kuwa pete. Sasa wachimbaji wawili wakapewa kazi ya kuchimba shimo la kusimamishia mlingoti. Nani awaambie waache? Walichimba mpaka wa Kolandoto akabaki kichwa tu juu, anasema udongo umebadilika rangi, tuongeze kidogo. Tukasimamisha, tukashindilia, tukashangilia. Hakuna aliyepima. Watoto wakafanya mazoezi wiki nne kwenye yale magoli wakifunga mipira kama wanatupia mahindi kwenye kapu. Tukajiona tuna vipaji vya taifa.

Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini. Tulipofika, mfungaji wetu akatazama juu ya lile goli la wenzetu, akaniuliza taratibu, "Dada kocha, mbona lao liko mbinguni?"

Tulifungwa kumi na tisa kwa sifuri. Njiani wa Kolandoto akasema, "Angalau yetu yamesimama imara." Watoto wakacheka mpaka mmoja akakaa chini barabarani. Kesho yake tukayang'oa, na kuyang'oa kulichukua siku mbili.

Huyo mfungaji lazima nikueleze. Alikuwa mfupi kuliko wote, mtoto wa mfugaji, anakaa mbali, anafika mazoezini miguu ina vumbi mpaka magotini kwa sababu lazima kwanza arudishe mbuzi. Hakukosa hata siku moja. Mvua, yupo. Goli liliporudi kwenye urefu wake halali alianza upya kama mtoto anayejifunza kutembea. Wa Chato alimwambia asiliangalie goli, aangalie upande wa nyuma wa pete, atupe kama anatupa wavu. Akawa anatupa mia kwa siku. Sisemi alikuwa hodari. Alikuwa wa kawaida, aliyeshuka.

Miezi yangu miwili ikaisha, na ya wa Kolandoto. Fomu zetu zikafungwa. Wa Kolandoto akarudi mashimoni, anakuja Jumamosi kutukana waamuzi. Mimi niliendelea kwenda kila siku. Kuna watu walisema nimempenda wa Chato. Acha wasemee huko. Mkewe ni rafiki yangu, na mtu tuliyefungwa naye pamoja simwachi katikati ya shimo nikapanda peke yangu. Basi.

Zikabaki siku tisa kwenye fomu yake, na fainali ya kata. Ndiyo, fainali. Tulikuwa tumeshinda mechi tatu, moja kwa goli moja, moja kwa sababu wenzetu waliugua matumbo, lakini ushindi ni ushindi. Mshindi anakwenda wilayani, na wageni wa wilayani wangekuwepo kuangalia.

Ijumaa jioni mwalimu mkuu akamwita wa Chato ofisini. Nikaingia naye, sikuitwa. Kulikuwa na wasichana watatu warefu wamekaa kwenye viti vya wageni, nywele zimesukwa, wamevaa sare za shule yetu zinazowabana mabegani. Wa sekondari. Mamluki.

"Kocha," mwalimu mkuu akasema, sauti nzuri kabisa, "hawa watacheza kesho. Wafungaji wote wawili na senta."

"Na wangu?"

"Watakaa benchi. Watakunywa soda. Bwana, kila shule inafanya hivi. Wale wenzetu unadhani wote ni la sita? Kuna mmoja ana mtoto."

"Mwalimu, hawa hawajashuka."

"Hawajafanya nini?"

Utamweleza nini mtu ambaye hajawahi kushika kamba? Mwalimu mkuu akaivuta fomu kutoka kwenye droo, akailaza mezani, akaiwekea kalamu juu yake. "Kesho ni siku ya kazi. Nitaisaini jioni, baada ya mechi. Ukifuata maelekezo."

Akaifunga droo.

Nje nilimshika shati. Mimi, mrusha chepe. Nikamwambia, "Kubali. Siku tisa tu. Mkeo ana miezi minane saa hizi. Kubali, watoto watasahau, watoto husahau."

"Wewe ulisahau yale magamubuti?"

"Hiyo ilikuwa dhahabu!"

"Na hii ni nini?"

Nikamtukana. Nilimtukana vibaya kwa Kiswahili, matusi yakaisha, nikahamia Kisukuma. Akasubiri nimalize. Akasema, "Nduhu mhayo," hakuna neno, kwa lafudhi yake mbaya ya Chato, akaenda zake nyumbani kumwambia mkewe. Sijui walizungumza nini. Asubuhi yule mama alikuja uwanjani kabla yetu sote, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tumbo mbele, kanga imefungwa vizuri.

Nilidhani labda amemshawishi akubali. Nakiri nilifurahi.

Watoto walikuwa wamevaa tayari. Mwalimu mkuu akaja na wale watatu, akawatajia waliotakiwa kupumzika. Wawili walianza kulia. Yule mfupi, mfungaji, hakulia. Alivua jezi, akabaki na kishati chake cha ndani chenye tundu, akaikunja. Hakuitupa. Aliilaza kwenye mapaja, akakunja mkono wa kulia, wa kushoto, akalainisha namba kwa kiganja, halafu akainyanyua kwa mikono miwili kumpa wa Chato, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. "Shika, kocha."

Wa Chato aliiangalia ile jezi. Mikono yake ilikuwa imening'inia tu.

"Vaa," akasema.

"Mwalimu kasema..."

"Nimesikia mwalimu kasema. Vaa. Na nyie wengine, futeni kamasi, ingieni."

Halafu akatembea mpaka kwenye meza ya wageni, mbele ya watu wote wa wilayani, akasimama kwa mwalimu mkuu. Hakupiga kelele. Hakuwataja wale watatu. Laiti angenituma mimi, wangesikia mpaka Geita mjini! Alisema tu, "Timu yangu iko uwanjani, mwalimu. Hiyo fomu ni yako." Akarudi mstarini.

Wale mamluki wakabaki wamesimama na soda mkononi. Hakuna aliyethubutu kuwaingiza kwa nguvu mbele ya wageni.

Tulifungwa. Kumi na mbili kwa tisa. Ungependa nikuambie tulishinda, eh? Tulifungwa, na yule wa kwao mwenye mtoto alifunga nane peke yake. Mfupi wetu alifunga manne. La nne lilizunguka kwenye pete kama linafikiria, likaingia, na wa Kolandoto alirusha kofia yake kwenye mti, iko huko mpaka leo.

Jioni fomu haikusainiwa. Iliandikwa: amekaidi maelekezo. Nilikwenda mahakamani Jumatano nikiwa na maneno yangu nimeyaandika kurasa mbili, hakimu akasoma moja, akaniambia sheria ni sheria. Wa Chato alipoulizwa kama ana la kusema, alisema watoto wanahitaji mpira mpya, ule wa zamani unavuja. Wakamchukua.

Mtoto alizaliwa wiki ya tatu baba yake akiwa ndani. Wa kike. Nilimbeba mpaka gerezani mimi na mama yake, tukaruhusiwa dakika chache. Alimnusa kichwani. Alilia, ndiyo, na mimi nililia, na ukimsimulia mtu nitakutafuta. Halafu akaniuliza mazoezi ni saa ngapi siku hizi.

Mazoezi ni saa tisa. Hatuna fomu, hatuna ruhusa, mwalimu mkuu kafungia magoli yale ya shule. Tumechimba mengine nje ya ua, mimi na wa Kolandoto, safari hii nilisimama na kamba ya kupimia na fimbo. Saba wote wanakuja. Mfupi anakuja wa kwanza, mbuzi wake wanakula pembeni.

Kwa hiyo fundi wa karasha, na wewe unayesoma ukitikisa kichwa: mtoto amesimama mbele yako na kishati chenye tundu, amekunyooshea jezi aliyoikunja kwa mikono miwili. Wewe ungeipokea?