Nilivyomtajia Dokta Bei ya Kwanza

Nilipokuwa na miaka sita, madaktari walinifungua kifua wakaziba tundu lililokuwa kati ya vyumba vya moyo wangu. Tangu hapo mama yangu alinitunza kama sahani za wageni: zinaonekana, hazitumiki. Kila nikitoka shule alinishika shingoni kwa vidole viwili, akahesabu mapigo, kisha akaanza upya.

"Hesabu ya kwanza ni ya woga," alikuwa akisema. "Ya pili ndiyo ya kweli."

Ndiyo maana hata leo nahesabu kila kitu mara mbili, na wauzaji wengi hawafurahi wakiniona.

Kukimbia nilikatazwa. "Weye, moyo yako iko na kiraka! Wacha wenye moyo muzima wakimbie." Wenzangu wakicheza, mimi nililinda viatu vyao. Haikupotea hata ndala moja.

Nilipokua nikaingia biashara ya maharage, lakini ya tambarare tu. Nilikwenda sokoni Nyakabere kwa pikipiki, nikarudi kwetu Kasenga, mjini Uvira, kwa pikipiki. Maharage yenyewe, yale yanayoiva haraka na kuacha mchuzi mzito, yanatoka Rurambo, kule milimani, ambako pikipiki inafika mahali inakuachia miguu yako. Basi nikayanunua kwa wanawake waliopanda mlima kuyafuata, na hawakuacha niisahau safari yao.

"Minye nimepanda mulima, dada," mmoja aliniambia nilipomwomba apunguze. "Weye umepanda nini? Kiti?"

Nikalipa bei yake. Nilitaka kupanda Rurambo mwenyewe, nichague kwa mkono wangu. Mama aliapa kwamba kiraka kitaachia njiani. Mimi niliona kwamba miaka yote hiyo tulikuwa tunausemea moyo, na hakuna aliyewahi kuuuliza.

Nikaenda kwa dokta wa moyo, ng'ambo ya mpaka. Mama akanifuata akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri maiti. Dokta, kijana mpole, alinibandika nyaya kifuani na kunipandisha baiskeli isiyo na magurudumu. Kule Uvira ungeitangaza wiki nzima usipate mteja.

"Mama, unapopiga pedali nitakuuliza umechoka namna gani," aliniambia. "Sifuri, hujachoka hata kidogo. Kumi, huwezi tena."

Dakika ya pili akauliza. Nilikuwa nimechoka kama tatu. Nikasema, "Nane."

Muuza maharage yeyote angenielewa. Bei ya kwanza haitajwi ili ilipwe. Unaanza juu, mwenzako anashangaa, anashuka, mnakutana katikati. Nikamngoja ashangae. Yeye akaandika nane, akasimamisha baiskeli.

Nikajuta. Mtu akikubali bei yako ya kwanza, ujue umepoteza kitu. Na nyuma yangu nikamsikia mama: "Nilisema!"

Dokta aliangalia mashine, akaniangalia mimi. "Mama, hapa moyo bado iko inatembea pole pole. Hata jasho hakuna. Nane imetoka wapi?"

"Ilikuwa ya kuanzia, dokta. Nilingoja unipunguzie."

Alicheka mpaka akashika meza. "Hapa hatupunguzi. Ni bei ya mwisho tu. Pumzika, tunarudia."

Tukarudia. Tatu. Nne. Pedali zikawa nzito, nikasema sita, na ilikuwa sita. Moyo ulianza kugonga nyuma ya kovu, ule mdundo niliofundishwa kuuogopa tangu utoto. Nikataka kushuka. Nikamwangalia dokta, macho yake yalikuwa kwenye mashine, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma habari za kawaida. Nikaendelea. Saba. Nane ya kweli. Kwenye tisa mapaja yakagoma.

"Kiraka imeshika," alisema. "Moyo imepanda vizuri, na mapigo haijavurugika. Nguvu imepungua kidogo, kwa sababu hujawahi kuitumia. Ona, miguu ndiyo imeshindwa mbele ya moyo."

"Rurambo je?"

"Panda, pole pole. Ukisikia kizunguzungu ao kifua kuuma, unasimama."

"Na gunia kichwani?"

"Gunia hapana."

"Nusu?"

"Mama!"

Kwenye benchi mama alikuwa analia, na kumuuliza dokta kama amehesabu mara mbili.

Nilipanda mwezi uliofuata. Nilikaa chini mara tatu, vidole shingoni, nikihesabu na kurudia. Kule juu mwanamke mwenye maharage aliniona ninavyohema, akatabasamu kama mtu aliyekwishashinda.

"Pumzika kwanza, dada. Bei tutaongea nyuma."

"Tuongee sasa hivi," nikamwambia. "Minye nimepanda mulima."

Simu ikalia. Alikuwa mama. "Unahema?"

"Nahema, mama."

"Sana?"

Nikamwangalia yule mwanamke, ambaye naye alikuwa ametoka tu kisimani na dumu la maji, bado anahema.

"Kama huyu mwenye maharage," nikasema.