Pakiti Alizozichagua kwa Pua

Mtaa mzima ulimwita Mama Tangawizi, na jina hilo halikuwa kilemba cha ukoka. Kwa miaka thelathini alitwanga tangawizi kavu kibarazani kwake, akiwatuliza watu kichefuchefu na matumbo yaliyojaa gesi. Siku mtafiti mmoja kijana alipomletea pakiti mia mbili zenye namba, nusu tangawizi na nusu unga mtupu uliotiwa rangi, mama alicheka hadi machozi.

"Sasa mwanangu, nimpe mgonjwa unga ili iweje?"

"Ili tujue kama kinachoponya ni tangawizi au ni maneno yako matamu, mama. Wewe wape kwa kufuata namba tu. Hata mimi sijui ipi ni ipi."

Kijana hakujua, lakini pua ya Mama Tangawizi ilijua, hata kupitia karatasi. Aliyefika amejikunja kwa maumivu alirukiwa namba, akapewa ya kweli. Mwenye kulalamika kidogo tu alipewa unga. Wema hauozi, alijiambia mama, na moyo wake ukawa mweupe.

Baada ya miezi minne kijana alirudi, akakaa kwenye benchi huku akikwepa kumtazama.

"Mama, orodha ya siri ya namba imefunguliwa. Waliokunywa unga wamepona upesi kuliko waliokunywa tangawizi. Itabidi niandike kwamba haisaidii."

"Haisaidii! Umekoroga namba zako wewe!" alifoka. Kisha akakumbuka. Wale wa unga walikuwa na nafuu tangu walipoingia, na aliyewapanga hivyo ni yeye mwenyewe. Angeweza kunyamaza, kijana akaondoka na uongo asioujua. Aliona haya hata kuwaza hilo.

"Niliwachagulia," alisema, macho chini. "Nilinusa. Waliozidiwa niliwapa ya kweli."

"Wangapi?"

"Wote, mwanangu."

Afadhali angemgombeza. Kijana alifunga daftari taratibu. "Basi hatujui kitu, mama. Kazi ya miezi minne yote imepotea." Mama Tangawizi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi iliyofuata jirani mmoja, fundi cherehani, alipaza sauti tokea mlangoni. "Dada, ile pakiti yako haina mfano! Nilikunywa tu, tumbo kimya! Nipe nyingine kama ile ile."

Mama Tangawizi alishindwa kuinua uso. Alikumbuka vizuri sana alichompa fundi. Ulikuwa unga.