Niliacha ugali wa jioni nikazidi kunenepa, nimeurudia nimepungua, na siombi radhi kwa mtu

Wakuu, mbukwenyi. Ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu Dodoma, kila mtu aitikie anavyojua.

Ninachoandika hapa kimenikuta mwenyewe, mwilini mwangu, na sijaongeza chumvi.

Wale wa "mwanamke wa Kiafrika lazima awe na mwili", piteni salama, uzi huu hauwahusu. Wale wa "ugali ni sumu dada", nyie kaeni hapo hapo. Nina maneno na nyie.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nzuguni, kazi nafanyia ofisi moja huko Mtumba. Mwili nilikuwa nao. Ngazi za ghorofa ya pili tu nilikuwa napanda huku natafuta pa kushika. Sikuwa na habari nao. Mume hakulalamika, magauni yalishonwa upya, maisha yakaenda.

(Msiniulize kilo ngapi. Sitaji. Atakayeuliza kwenye comment namruka.)

Nina mdogo wangu mmoja, Yona. Tumezaliwa wawili tu. Mama alifariki tukiwa wadogo, tukalelewa na dada yake, mama mkubwa, aliyeolewa kule Chemba.

Mwaka juzi figo za Yona zikafeli, zote mbili. Tangu hapo anaishi kwa mashine, kila wiki anaenda kusafishwa damu mara tatu. Kama hujawahi kumsubiri mtu wako atoke kwenye ile mashine, usinisimulie mimi habari za uchovu.

Madaktari wakasema suluhisho la kudumu ni apate figo ya ndugu. Ndugu mwenyewe ni mimi. Tukapimwa, vikaendana. Nilipiga vigelegele pale pale koridoni mpaka nesi akaniambia, "Dada, hapa kuna wagonjwa."

Furaha haikufika hata jioni.

Daktari alinikalisha chini akaniambia kwa uzito huu hawanikati. Presha imeanza kupanda, upasuaji utakuwa hatari kwangu, na figo moja nitakayobaki nayo itaelemewa. "Punguza kwanza, halafu urudi."

Wakuu, nilitoka pale nimevimba. Yaani mdogo wangu afe kwa sababu ya tumbo langu? Thubutu!

Nikaapa siku ile ile: mimi na kula jioni basi.

Nikaingia kwenye magrupu ya diet. Wote wimbo mmoja. Jua likizama funga mdomo. Ugali ni adui. Kunywa maji ya moto na limau.

Nikafanya. Nawapikia mume na watoto ugali wa uwele na mlenda, mimi nakaa pembeni na kikombe cha limau, nimekunja uso kama naomboleza. Mwanangu ananiuliza, "Mama, huli?" Namjibu, "Mama hali jioni." Nilijiona shujaa, jamani.

Sasa sikilizeni jioni yangu ilivyokuwa kweli.

Mchana ofisini nakunywa chai na andazi moja, kwa sababu niko diet. Saa tisa na nusu tunatoka, tumbo linanguruma mpaka aliye karibu anasikia. Nikiwa nasubiri usafiri, karanga. Kama nina shida mjini, kuna duka la familia moja ya Kihindi wanatoa kachori za moto, nani anapita pale mikono mitupu? Nikishuka Nzuguni kuna mama anakaanga mihogo na pilipili yake ya ndimu, vipande viwili vitatu vya njiani. Zabibu zikiwa msimu, mfuko unaisha kabla sijafika mlangoni.

Nyumbani naonja mboga kama chumvi imekolea. Naonja tena kuhakikisha. Watoto wakibakiza namalizia, chakula kisimwagwe. Tukikaa kwenye taarifa ya habari, bisi.

Halafu naenda kulala nasema leo sijala.

Na sikuwa nadanganya! Niliamini kabisa. Nyie wenyewe mnajua kwetu kula ni kula ugali, au wali siku ya siku. Mtu kanywa chai na chapati tatu, muulize umekula? Atakwambia bado, nimepoza njaa tu.

Nikarudi kliniki kwa mbwembwe zote. Nikapanda mzani.

Nimeongezeka.

Daktari akafunga mlango, akaongea taratibu. Akasema, "Dada, mtu ana haki ya kukataa kutoa figo. Kama hutaki, niambie hapa hapa. Nitawaambia ndugu vipimo vimekataa, hakuna atakayejua."

Hii kauli iliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa. Najua ni kazi yake kuuliza. Lakini mtu anaangalia mwili wako anaona humtaki ndugu yako! Nililia mbele yake, kisha nikaondoka bila kuaga.

Nikaenda moja kwa moja Miyuji, anakoishi Yona. Mama mkubwa alikuwa amehamia kwake kutoka Chemba ili amuuguze, wakati huo yuko jikoni. Yona amejilaza kwenye kochi. Nikakaa, nikaanza kumwaga sumu yote.

"Nashinda njaa kwa ajili yako, tangu asubuhi sijala, halafu mtu ananiambia mimi sitaki!"

Yona akawa ananitazama mkono.

"Dada, hiyo nini?"

"Karanga."

"Si umesema hujala?"

"Kwani karanga ni chakula?"

Alicheka yule mtoto mpaka akashika ubavu. Alipotulia akaniambia, "Mimi nikitia karanga mdomoni, kule hospitali wanasema nimekula. Ndizi, nimekula. Maji yenyewe napimiwa, nikizidisha navimba. Kila kinachopita hapa kooni ni kula. Wewe mwenzangu una vitu unakula halafu siyo chakula. Una raha."

Nilitaka kumjibu jeuri. Mdomo wenyewe ulikuwa umejaa.

Nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Hasira na hili neno "sijala" ambalo nimelitumia maisha yangu yote bila kulichungulia ndani.

Pale pale mama mkubwa akaingia na hotpoti. Kuku wa kienyeji, mchuzi unaelea mafuta, na ugali wa kutosha watu wanne.

Hapa niwaeleze kitu. Kila nilipokwenda Miyuji jioni nilikuwa nasukumiwa hotpoti. Mama mkubwa akilini mwake anayetoa figo lazima ashibe, awe na mwili wa kutosha kukatwa na kubaki. Kwa hiyo daktari ananiambia punguza, mama mkubwa ananinenepesha, na wote wawili wanamtetea Yona!

Mimi nilikuwa nakubali. Mkubwa wako akikuambia "onja tu mwanangu", unakataaje? Na kuonja, nimeshawaambia, hakukuwa kula.

Siku ile nilikataa.

"Mama mkubwa, nisamehe, leo sionji."

Akaweka hotpoti chini. "Huonji?"

"Sionji. Daktari anataka nipungue ndipo anikate."

"Daktari gani huyo? Hata mnadani mbuzi aliyekonda hakuna anayemtazama mara mbili. Wewe unataka kwenda kwenye kisu umekauka?"

Nikamjibu mimi siyo mbuzi. Yona akageukia ukutani ili asicheke.

Mama mkubwa hakucheka. Alikaa chini kwenye mkeka akasema, "Mdogo wangu aliniachia nyie wawili. Mmoja ndiye huyo kalala. Na wewe unataka nikuone unaisha?"

Wakuu, hapo nilielewa. Yule mama hakuwa mkaidi, alikuwa anaogopa kutuzika wote. Nilimshika mikono. Lakini kuonja sikuonja. Niliondoka nikisikia ananung'unika nyuma yangu kwa Kigogo, na sitawatafsiria.

Kuanzia kesho yake nikabadilisha kitu kimoja tu. Kila kinachoingia mdomoni nakiita kula, na nasema kwa sauti kabla sijatafuna. "Nakula."

Nichekeni, lakini jaribuni. Nikisimama kwa yule mama wa mihogo naanza, "Sasa nakula chakula cha jioni." Ananishangaa. Nikishasema hivyo najiuliza, kweli hiki ndicho chakula changu cha jioni, mihogo miwili nimesimama barabarani? Basi namuaga naenda zangu. Siku nyingine nilikula, nikahesabu nimekula, na nyumbani nikapitisha bila kula tena.

Na ugali niliurudia. Ndiyo, ule ule mnaouita sumu. Mchana ofisini nikaanza kubeba chakula cha kueleweka, maharage na mboga, siyo chai na andazi. Jioni nikifika tu nyumbani, kabla sijavua hata viatu, kitu cha kwanza ni sufuria. Nakaa mezani na watoto wangu. Ugali kiasi cha ngumi yangu, mlenda au mchicha mwingi, dagaa kama wapo. Nakula taratibu mpaka nashiba, nasema nimekula, nafunga jiko. Baada ya hapo ukinikaribisha hata keki nakujibu nimeshakula, na safari hii ni kweli.

Njaa ya jioni ilikuwa kubwa kwa sababu mchana nilikuwa najinyima, na jioni naizungusha badala ya kuishibisha. Hakuna uchawi. Mimi siyo daktari, nasema kilichotokea kwangu.

Haikuwa rahisi, msidanganywe na watu wa picha za kabla na baada. Wiki za kwanza saa ya taarifa ya habari mikono ilikuwa inatafuta bisi yenyewe. Nilikuwa natoka nje natembea na mume wangu mpaka hamu ipite. Alilalamika sana huyo. Sasa hivi suruali zake zinamvuka na anajisifu kwamba ni wazo lake.

Nilipoanza kupungua, ofisini wakaanza. Hamkosi nyie.

"Pole jamani, unaumwa?" "Mume vipi, kuna amani?" Kuna mmoja akaniita pembeni akanong'ona kwamba siku hizi dawa zipo, mtu anaishi vizuri tu, nisikate tamaa. Nikamuuliza dawa za nini, akaanza kutafuta pa kuangalia.

Nilinenepa miaka yote ile presha ikipanda, hakuna aliyenipa pole hata moja. Waliniambia hongera, maisha yamekukubali! Leo napanda ngazi bila kuhema ndiyo wananililia. Niliwaambia chai ya saa nne mbele ya watu wote: siumwi, sijaachika, na mnaosubiri kunizika leteni viti mkae, mtasubiri sana.

Siku ya kurudi kliniki nilimchukua mama mkubwa. Nilitaka asikie kwa masikio yake.

Daktari akatazama mzani, akapima presha, akapima tena. Akaniambia, "Sasa tunaweza."

Mama mkubwa akamuuliza, "Kwa hiyo angebaki na mwili wake ule msingemkata?"

"Tusingemkata, mama."

"Na huyu mdogo wake?"

"Angeendelea kusubiri kwenye mashine."

Mama mkubwa akainuka. Tulitoka mpaka getini. Pale getini akanishika mkono akaniambia, "Nilikuwa namchelewesha mwanangu kwa kijiko." Nikamwambia hapana mama, hukujua. Akasema, "Sikujua, ila nilikuwa nabisha." Tukalia wote wawili pale, watu wakidhani tumefiwa.

Funzo langu kwa anayehangaika na njaa ya jioni ni fupi. Kabla hujafukuza ugali, sikiliza mdomo wako unaposema "sijala". Ukiona unasema hivyo huku unatafuna, hapo ndipo pa kuanzia. Na watu wakikuonea huruma kwa kupona, waache wakuonee. Mwili ni wako, na sababu yako unaijua wewe.

Yangu mimi iko wodi ya wanaume, korido ya pili kutoka hapa nilipolala. Ndiyo wakuu, uzi huu nauandikia wodini. Asubuhi wananiingiza mimi kwanza, halafu yeye.

Nimekatazwa kula mpaka kesho, njaa inauma kweli kweli, na sijawahi kuipenda njaa kama hii.

Haya, uwanja ni wenu. Mbishe, mtukane, mniambie jioni zenu mnazimalizaje. Nitawasoma nikizinduka.

Yona kanitumia meseji sasa hivi hapa naandika. Anauliza, "Dada, unaogopa?"

Nimemjibu, "Naogopa sana. Na nitaingia hivyo hivyo."