Asnath Akisubiri Pigo

Lori linaloteremka mlima Sekenke hufika Shelui likinuka breki. Asnath aliinusa harufu hiyo kabla hajasikia injini ikizimwa nje. Aliacha kufuta vumbi kwenye televisheni, akakaa kwenye benchi, mikono mapajani. Calist alikuwa amefika.

Calist ndiye mwenye banda. Mabati, televisheni mbili, mashine za gemu, mabenchi, hata waya wa umeme ulioning'inia juu ya mlango, vyote ni vyake. Yeye ni dereva wa njia ndefu, Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi, na banda alimwachia Asnath alisimamie. Kwa kawaida akipita hunywa chai, hucheza raundi chache, huondoka. Safari hii alikuwa ametanguliza simu. Mtoto wa dada yake, Chediel, amemaliza shule na anazurura tu Singida mjini. Alitaka kumpa banda.

"Kijana anazijua hizi gemu," alisema. "Wewe dada unapokea watu tu."

"Na mimi nazijua."

"Unajua kuziwasha."

"Nijaribu basi, kaka Calist."

Alicheka mpaka simu ikakoroma. "Haya. Nikipita tucheze ile ya upanga, raundi mbili kati ya tatu. Ukinifunga, kaa. Nikikufunga, Chediel anakuja Jumatatu."

Huenda kwake lilikuwa jambo la kuchangamsha safari ndefu. Kwa Asnath halikuwa hivyo. Alikuja Shelui kutoka Iguguno baada ya mumewe kuleta mwanamke mwingine ndani ya nyumba ileile, na kumpa huyo mgeni shamba la alizeti ambalo Asnath alilipalilia kwa mikono yake. Mzee Isaka, kaka mkubwa wa baba yake, alimpa chumba kwa sharti moja, kwamba awe na kazi inayoeleweka. Siku kazi itakapokwisha, atamrudisha Iguguno kwa mumewe. Mzee Isaka ni mzee wa kanisa, hasemi jambo mara mbili. Na upande wa mume walikuwa wameshatuma watu kuuliza mke wao anarudi lini.

Kwa hiyo tangu simu ile, kila asubuhi kabla wateja hawajaja, Asnath alifunga mlango wa bati, akawasha mashine na kupigana.

Gemu yenyewe si ngumu kuielewa. Wapiganaji wawili wanasimama katika uwanja wa mawe, kila mmoja na upanga wake. Ukibana kitufe kimoja kwa kidole cha kushoto, mtu wako anainua upanga na kujikinga, na pigo lolote linaishia hapo. Lakini ukibonyeza kitufe cha kupiga wakati uleule pigo la mwenzako linapogonga kinga yako, upanga wake unatupwa pembeni, kifua kinabaki wazi, nawe unamchoma. Vijana wa banda huita hivyo kurudisha. Pigo moja la kurudisha linakula nusu ya uhai wa mtu.

Calist alikuwa bingwa wa kurudisha. Hakuwahi kuanza. Anasimama, amejikinga, anakuacha upige, upige, hasira ikupande, na ukishazoea kupiga anakurudishia. Vijana wote wa Shelui walikufa kwa namna hiyo.

Katika asubuhi zile Asnath naye alikufa mara nyingi mbele ya adui wa mashine, mpaka alipoona kosa lake. Kila alipokuta kinga, aliongeza nguvu. Alipiga upanga uliokwisha kuinuliwa kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Alipogundua hilo alifikiria maneno aliyokuwa akimpigia mumewe, na jinsi yule mwanamume alivyonyamaza tu mpaka yeye Asnath akachoka. Kisha akaanza upya. Akajifunza kupiga mara moja na kuacha. Akajifunza teke, ambalo linavunja kinga ya adui lakini likikosa linakuacha mguu mmoja hewani.

Sasa Calist aliingia, akafuatwa na utingo wake, Paschal, na nyuma yao vijana wa stendi waliokwisha kusikia habari za pambano. Banda likajaa. Upepo ulikuwa unagonga mabati.

"Dada, umekula?" aliuliza Paschal. "Maana mtu hafukuzwi akiwa na njaa."

"Ulinunua lini mdomo huo?"

"Ulikuja na lori."

Watu wakacheka. Calist alikaa, akachukua pedi ya kuchezea, akaiweka sawa mikononi kama usukani. Ukutani kulikuwa na maandishi ya mkaa, mwandiko wa Asnath mwenyewe: ANAYESIMAMISHA GEMU AMEFUNGWA. Aliyaandika kuwakomesha vijana wanaosimamisha gemu kila wanapokaribia kuchomwa.

"Na sisi hiyo inatuhusu," alisema Calist akiyaonyesha kwa kidevu.

"Inamhusu kila mtu."

Raundi ya kwanza mikono ya Asnath ilisahau kila kitu. Alipiga, akakuta kinga. Akapiga tena, na tena, na mlio wa chuma ukajaa banda. Calist akamrudishia mara mbili, ikaisha.

"Unashuka Sekenke na gia kubwa, dada," alisema bila kugeuka. "Utaunguza breki."

Raundi ya pili Asnath alivuta pumzi, akamwacha mtu wake amesimama. Hakupiga. Alisogea hatua moja kama anayetaka kupiga, akarudi. Calist alibonyeza kurudisha pasipo pigo la kurudishwa, upanga wake ukakata hewa. Vijana wakaguna. Akafanya hivyo tena, na safari hii hewa ilipokatwa alipiga teke, kinga ikavunjika, akachoma. Calist aliacha kuegemea ukuta. Dakika chache baadaye akachomwa tena, na raundi ikawa ya Asnath.

"Bosi, vipi?" alisema Paschal.

"Nyamaza."

Raundi ya tatu haikuwa na maneno. Wote wawili waliumizana mapema, kila mmoja akabaki na uhai mwembamba kama uzi mwekundu juu ya kioo, kisha wote wakajikinga na kusimama. Gemu hiyo haina saa. Ambaye angeanza angerudishiwa. Asnath alihisi jasho likishuka nyuma ya sikio, hakulifuta. Aliona chumba chake kwa Mzee Isaka, kitanda, ndoo. Aliona barabara ya Iguguno.

"Hodi humu!"

Sauti ile aliijua. Mzee Isaka hakuwahi kukanyaga banda la gemu, lakini alikuwa ameambiwa kwamba mwenye banda yupo Shelui, na kwa desturi yake ni aibu mkubwa wa familia asipokwenda kumsalimu anayempa mtoto wake kazi. Alivua kofia, akainama kupita chini ya waya. Vijana walisimama na shikamoo zikatoka kwa pamoja.

Asnath alishuka kwenye benchi, akapiga goti sakafuni, kichwa chini, kama alivyolelewa. Pedi ilikuwa bado mikononi, kidole cha kushoto kimebana kinga. "Shikamoo, baba mkubwa."

Lakini mzee alikuwa ameanza na mgeni. Alimnyooshea Calist mkono.

Hapo ndipo Calist alipofanya kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Naye ni mtoto wa Kinyiramba. Mkono wa mzee haupokewi kwa mkono mmoja. Aliiacha pedi ikaanguka mapajani, akaushika mkono ule kwa kulia, na kushoto akakishika kiwiko chake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Nzuri, mzee."

"Za nyumbani? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mvua huko mlikotoka?"

Mkono haukuachiwa. Kwenye kioo mtu wa Calist alikuwa ameshusha upanga, kifua wazi.

"Dada, mpige!" alinong'ona Paschal, kana kwamba hali mshahara wa bosi wake.

Asnath alisikia. Dole gumba likasogea. Lakini ili apige ilibidi ainue macho aone wapiganaji wako umbali gani, na salamu yake ilikuwa haijaitikiwa. Aliendelea kutazama sakafu, udongo, kisoda kilichokanyagwa. Aliomba tu kidole kisilegee.

Calist naye alikuwa amesikia mnong'ono. Akadhani upanga umeshainuliwa juu yake. Aliuchomoa mkono, akaidaka pedi, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa Shelui, akapiga yeye.

Asnath hakuona. Alisikia chuma kikigonga chuma, mlio uleule wa asubuhi zote zile, na dole gumba likabonyeza.

Banda lililipuka kwa kelele.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Isaka juu ya kelele, akishangaa. "Kuna nini?"

"Hii haihesabiki," Calist alisimama. "Nilikuwa nasalimiana na mzee! Tunarudia."

"Bosi, wewe ndiye uliyepiga," alisema Paschal. "Mwenzako alikuwa magotini."

"Nimesema tunarudia!"

Asnath alibaki chini. Mzee Isaka aliwatazama wote, kisha akamgeukia Calist taratibu.

"Mimi mambo yenu siyajui. Nimekuja kumwona mtu anayempa binti yangu kazi. Ndiye wewe, au nimekosea mlango?"

Upepo ulitikisa bati moja lililolegea, ukaliacha, ukalitikisa tena. Calist alitazama kioo, ambapo mtu wake alikuwa amelala juu ya mawe, akatazama mkono wa mzee ambao alikuwa ameuchomoa kabla haujaachiwa.

"Ndiye mimi, mzee," alisema hatimaye. "Unisamehe. Binti yako ndiye anayesimamia hapa."

Akatoka nje, simu sikioni. Asnath alikuwa bado hajanyanyuka waliposikia sauti yake karibu na lori, imepanda kushindana na upepo: "Chediel, usije. Nimesema usije! Nitakutafutia kitu kingine."